Faragha, Usiri na Uzingatiaji: Istilahi za Taarifa za Mgonjwa katika Vituo vya Afya vya Kisenyi

Faragha ya taarifa za afya ni mamlaka aliyo nayo mgonjwa juu ya habari zinazohusu mwili wake, maradhi yake na matibabu yake, yaani haki ya kuamua nani azijue, kwa madhumuni gani na kwa kiasi gani. Maelezo hayo ni mafupi, lakini istilahi yenyewe haijatulia katika Kiswahili, kwa kuwa dhana tatu zinazotofautiana kisheria, ambazo ni haki ya mgonjwa, wajibu wa mhudumu na utaratibu wa taasisi, zimezoeleka kubebwa na neno moja tu, siri. Mhudumu akiulizwa kituo chake kinalinda vipi habari za wagonjwa, jibu la kwanza huwa kwamba wahudumu wanatunza siri. Na jibu hilo, ingawa si la uongo, halifikii hata nusu ya yale yanayodaiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019.

Siri na faragha yote mawili ni maneno yenye asili ya Kiarabu, lakini hayakukua kwa njia moja. Siri ni jambo lililofichwa, na aghalabu hufichwa kwa kuwa likijulikana litaleta aibu, hasara au fitina, ndiyo maana siri huvuja, hufichuka na hutobolewa. Faragha inatokana na mzizi wenye maana ya utupu na nafasi iliyo wazi, na katika Kiswahili ni hali ya kuwa mbali na macho na masikio ya watu. Mtu hujitenga faragha hata kama hana la kuficha, mradi jambo lenyewe haliwahusu wengine. Kwa hiyo mgonjwa wa shinikizo la damu, ambaye haoni haya yoyote kutajwa kwa ugonjwa wake, ana faragha ileile aliyo nayo anayeishi na virusi vya UKIMWI, na kituo kinachofungia kabatini majalada ya kliniki moja huku kikiacha mengine yote mezani kimeongozwa na dhana ya aibu badala ya dhana ya haki.

Historia ya Uganda yenyewe inatoa mfano unaoonyesha tofauti hii vizuri. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya alitangaza hadharani kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI, akawa Mganda wa kwanza mashuhuri kufanya hivyo, na kabla ya kufariki Desemba mwaka huohuo alizunguka shuleni na makanisani akizungumza juu ya hali yake. Kwa kipimo cha siri, Lutaaya alitoboa. Kwa kipimo cha faragha hakupoteza chochote, kwa sababu aliyezitoa habari zile ni mwenye habari, kwa hiari yake, kwa hadhira aliyoichagua na kwa madhumuni aliyoyataja mwenyewe. Laiti muuguzi mmoja angelisema maneno yaleyale kwa jirani mmoja tu, faragha ingelikuwa imevunjwa.

Usiri, kwa upande wake, ni wajibu wa yule aliyepewa habari. Wajibu huo ni wa kale, umo katika kiapo kinachonasibishwa na Hippocrates, na umo katika Mkataba wa Haki za Wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya ya Uganda mwaka 2009. Daktari, mkunga, mtu wa maabara, karani wa mapokezi na mfagiaji anayepita na ndoo wakati mgonjwa anajieleza, wote wanafungwa nao. Kwa kifupi, mgonjwa ana faragha na mhudumu ana usiri, na anayesema kwamba hospitali ina wajibu wa kulinda siri ya mgonjwa amekwisha kuuchanganya upande wa haki na upande wa wajibu.

Juu ya kinacholindwa, waandishi wa Tanzania na wa Kenya wamekwenda njia mbili. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 inazungumzia taarifa binafsi, nayo imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya, iliyopitisha sheria yake Novemba 2019, miezi michache baada ya Uganda, hupendelea neno data. Yote mawili yanafaa, ila inasaidia kuyagawia kazi: data iwe ni chembe moja moja, kama umri, namba ya simu au kipimo cha sukari, na taarifa iwe ni chembe hizo zikishaunganishwa na mtu anayejulikana. Jedwali linaloonyesha ni watu wangapi waliougua malaria wilayani ni data; safu ya daftari yenye jina, mtaa na ugonjwa ni taarifa ya mtu, na sheria ya Uganda inaiweka katika kundi la data maalumu, pamoja na habari za dini, siasa, fedha na maisha ya kujamiiana. Mwenye taarifa ni mhusika wa data. Wanaoishughulikia ni watatu: mkusanyaji anayeipokea, mdhibiti anayeamua itumike kwa ajili gani, na mchakataji anayeifanyia kazi kwa niaba ya mdhibiti, kama vile kampuni inayotunza seva au maabara ya nje inayopelekewa sampuli.

Istilahi ya tatu ni uzingatiaji. Wako wanaotumia utii, lakini utii huelekezwa kwa mtu mwenye amri. Wako wanaotumia utekelezaji, neno zuri lisilokuwa na kasoro ila moja, kwamba hutaja kutenda bila kutaja kuthibitisha kilichotendwa. Uzingatiaji wa kanuni za faragha ni hali ya taasisi kuzijua kanuni, kuzifanyia kazi na kuweza kuonyesha kwamba imezifanyia kazi, na sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ngeni katika vituo vingi. Sheria ya Uganda na kanuni zake za mwaka 2021 zinamtaka mkuu wa taasisi amteue afisa wa ulinzi wa data, zinaitaka taasisi ijisajili kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, na zinataka ndani ya siku 90 baada ya mwaka wa fedha kumalizika ipelekwe ripoti yenye muhtasari wa malalamiko yaliyopokelewa na uvunjaji uliotokea. Mhudumu mwenye ulimi mzito kuliko wote Kampala hawezi kukitimizia kituo chake masharti hayo kwa kunyamaza.

Kisenyi ni mahali ambapo istilahi hizi zinajaribiwa kwa ukali. Mtaa huu uko katikati ya jiji la Kampala, chini ya Mengo na karibu na soko la Owino, umejaa mashine za kusaga nafaka, mafundi wa vyuma, vituo vya mabasi na vyumba vya kupanga, na wakazi wake ni pamoja na Wasomali wengi, Wakaramoja, wahamiaji kutoka kila pembe ya Uganda na wakimbizi wa nchi jirani. Kituo chake cha afya cha ngazi ya nne kinaendeshwa na Mamlaka ya Jiji la Kampala, na pembeni yake ziko zahanati za watu binafsi na maduka ya dawa yasiyo haba, ambayo nayo sheria inayahesabu kuwa wakusanyaji wa data sawasawa na hospitali ya rufaa. Yanayofuata hapa hayahusu kituo kimoja. Ni hali inayofahamika katika huduma za mijini nchini kote.

La kwanza ni daftari. Katika vituo vya serikali vya Uganda mgonjwa mara nyingi huja na daftari la shule alilonunua mwenyewe, mganga akaandika humo dalili, vipimo na dawa, kisha mgonjwa akarudi nalo nyumbani. Kwa upande mmoja huu ni uhuru mkubwa, maana mgonjwa ana rekodi yake mkononi na hahitaji kuomba ruhusa ya kuisoma. Kwa upande mwingine rekodi hiyo inalala chini ya godoro katika chumba cha watu sita. Na karatasi iliyoandikwa haitupwi Kampala, bali huuzwa ikafungia karanga. Taasisi ikisema kwamba daftari ni mali ya mgonjwa na kwa hiyo halimo katika uzingatiaji wake, imesema kweli nusu, kwa sababu maneno yaliyomo yaliandikwa na mhudumu wake, na kumwambia mgonjwa alitunze vipi ni jambo la nusu dakika.

La pili ni rejista kubwa ya mapokezi, ambayo ni ya kituo bila ubishi. Jina, umri, mtaa, ugonjwa na dawa vimo katika mstari mmoja, na mgonjwa wa 40 akisimama mbele ya meza ana 39 waliomtangulia chini ya macho yake. Kinga yake haihitaji mtambo wala mfadhili: ubao wa kufunika mistari iliyokwisha kujazwa, meza kugeuzwa, foleni kurudishwa nyuma hatua tatu, mgonjwa kuitwa kwa namba badala ya jina na ugonjwa. Inashangaza jinsi mazungumzo ya faragha yanavyokimbilia kompyuta na nywila ilhali uvujaji mkubwa unapita mezani. Hata hivyo kompyuta zimefika, na mfumo wa UgandaEMR, uliojengwa juu ya programu huria ya OpenMRS, unatumika katika kliniki nyingi za virusi vya UKIMWI; humo uzingatiaji una maana ya kila mhudumu kuingia kwa jina lake mwenyewe, ili ijulikane nani alifungua jalada la nani. Nywila moja inayotumiwa na chumba kizima inaifuta faida hiyo yote.

La tatu ni ufuatiliaji wa mgonjwa aliyekosa kliniki. Nia ni njema na tiba inaidai. Lakini vyumba vya kupanga vya Kampala, viitwavyo mizigo, vimegawanywa kwa ukuta mmoja na uwanja mmoja, na gari lenye nembo ya shirika la UKIMWI likisimama mdomoni mwa kichochoro limekwisha kutangaza kabla dereva hajazima injini. Wanaoifahamu kazi hii huja kwa miguu, bila fulana yenye maandishi, na huuliza kwanza siku ya kuandikishwa: tukikukosa tukutafute wapi, na tujitambulishe kama nani? Swali hilo ndilo ridhaa kwa maana yake kamili, kwa kuwa ridhaa ni kukubali jambo mahususi ambalo mtu amelielewa, na sahihi chini ya karatasi asiyoisoma haitoshi.

La nne ni mkalimani. Mama wa Kisomali asiyejua Kiganda wala Kiingereza huja na mwanawe anayesoma shule ya msingi, au na jirani, au hupata msaada wa mtu yeyote aliye kwenye foleni. Kiswahili, ambacho kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, huokoa baadhi ya mazungumzo, hasa kwa waliopitia Kenya au waliotoka Kongo, lakini hakiwaokoi wote. Mkalimani wa namna hiyo hakula kiapo chochote, na bado amesikia kila kitu. Katazo la kutoa data za mtu kinyume cha sheria linamhusu naye, kwa kuwa limeandikwa kwa kila mtu, lakini taasisi haiwezi kujificha nyuma yake: ikiwa inajua ni lugha zipi zinazozungumzwa mlangoni pake, kupata wakalimani waliofunzwa na waliotia sahihi ahadi ya usiri ni sehemu ya uzingatiaji wake.

Faragha ina mipaka, na sheria imeitaja. Ridhaa haihitajiki pale data zinapokusanywa kwa ajili ya matibabu au kwa kutimiza wajibu wa kisheria, na wakati wa mlipuko kama wa Ebola uliotangazwa Kampala Januari 2025 kituo hakina hiari ya kutoripoti. Mpaka unaobishaniwa zaidi umo katika Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI ya mwaka 2014, inayoruhusu matokeo ya kipimo kufikishwa kwa watu walio karibu na aliyepimwa, akiwemo mwenzi wake. Wanaharakati wameilaumu, na lawama yao ina uzito, maana ruhusa pana kiasi hicho inaweza kumfukuza mtu asije kupimwa kabisa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha Desemba 2016 agizo la rais la mwaka uliotangulia lililotaka zikusanywe habari za watoto wa shule wanaoishi na virusi hivyo na za walezi wao, ikisema agizo hilo lilikiuka haki ya faragha, na ikaamuru majina yaliyokwisha kukusanywa yawekwe kwa njia isiyomtambulisha mtu.

Data zikivuja, sheria ya Uganda inamtaka mwenye kuzishikilia aiarifu Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi papo hapo, na ni ofisi hiyo inayoamua iwapo mgonjwa mwenyewe ataarifiwa, utaratibu ambao kwa hakika umempa mwenye haki nafasi ya mwisho katika foleni. Adhabu ya kutoa data za mtu kinyume cha sheria ni faini, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili, na shirika linaweza kutozwa hadi asilimia 2 ya mapato yake ghafi ya mwaka. Mgonjwa wa Kisenyi anayeamini kuwa taarifa zake zimetumiwa vibaya anaruhusiwa kulalamika kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, awe ni raia au mkimbizi.