Raia Wanaotafuta Ndege Zilizopotea

Desemba 1, 1941, siku sita kabla ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, Marekani iliunda kikosi cha marubani wa kiraia kilichoitwa Civil Air Patrol. Wazo lilikuwa la Gill Robb Wilson wa New Jersey, mwandishi wa habari za anga, aliyehofia kwamba vita vikifika serikali ingewapiga marufuku raia kurusha ndege. Yeye aliona afadhali wapewe kazi.

Kazi haikuchelewa. Mwanzoni mwa 1942 nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli za mafuta karibu na pwani, na jeshi halikuwa na ndege za kutosha. Kuanzia Machi mwaka huo, raia wakaingia Atlantiki na vindege vyao vya injini moja. Rubani alipewa dola 8 kwa siku. Injini ikizima, hapakuwa na pa kutua ila majini. Aliyenusurika alivaa nembo ya Klabu ya Bata, mzaha wa watu wanaokijua kifo. Hadi doria hiyo ilipofungwa Agosti 1943, watu 26 walikuwa wamekufa na ndege 90 zimepotea. Walidai kuzamisha nyambizi mbili, dai ambalo kumbukumbu za Wajerumani haziliungi mkono. Mimi naona halina uzito. Manufaa yao yalikuwa macho: waliona nyambizi wakatoa taarifa, waliona mabaharia wanaoelea wakaita meli.

Baada ya vita macho hayo yakahamia nchi kavu. Mwaka 1948 kikosi kikafanywa msaidizi rasmi wa Jeshi la Anga, na kutafuta ndege zilizoanguka kukawa kazi yake kubwa.

Ni kazi ya kuchosha kuliko watu wanavyodhani. Ndege inayotumika sana ni Cessna, kwa kuwa mabawa yake yako juu na hayamzibi anayetazama chini. Rubani haangalii ardhi; anashika mstari wake, akifika mwisho anageuza na kurudi sambamba. Wanaotazama wamekaa dirishani. Ni nadra waone ndege nzima. Wanatafuta matawi yaliyokatika, majani yaliyoungua, kitu kinachometa pasipostahili.

Oktoba 1972 macho yalishindwa. Ndege iliyowabeba wabunge Hale Boggs na Nick Begich ilipotea Alaska ikielekea Juneau. Wanajeshi na raia waliitafuta kwa siku 39, na hadi leo haijapatikana. Bunge lao lenyewe lilikuwa limepitisha sheria mwaka 1970 ya kuzitaka ndege ndogo zibebe kifaa cha kutoa ishara ya dharura, ila muda wa kuitekeleza ulikuwa haujafika.

Vifaa hivyo vilipoenea, watafutaji wakajifunza kutafuta kwa sikio. Ndege huzungushwa taratibu. Bawa likiikinga antena, mlio hufifia, nao hujua ishara inatoka upande gani. Lakini ishara nyingi zilikuwa za uongo. Mtu anaamshwa usiku wa manane, anafuata mlio, anafika kwenye ndege nzima iliyoegeshwa bandani, ambayo mwenyewe aliitua kwa kishindo mchana akaenda kulala.

Mwaka 2007 tajiri Steve Fossett alipopotea baada ya kuruka kutoka Nevada, watafutaji waliona mabaki kadhaa ya ndege za zamani, yake wasiione. Mabaki yake yaligunduliwa mwaka uliofuata, baada ya mtembea kwa miguu kuokota vitambulisho vyake milimani California. Leo wajitoleaji wengine hawapandi hata ndege: wanakaa kwenye kompyuta wakichambua data za rada na za simu za mkononi.

Februari 1, 2009, setilaiti ziliacha kusikiliza ishara za dharura kwenye masafa ya zamani ya megahezi 121.5. Ndege ndogo nyingi za Marekani bado zina kifaa kinachotumia masafa hayo, na sheria inaruhusu. Zikianguka, mlio wake utasikika tu iwapo kuna ndege inayopita karibu, au mtu amejitolea kuja kuutafuta.