Kuhesabu kura kwa mkono

Kuhesabu kura kwa mkono ni utaratibu wa uchaguzi ambamo karatasi za kura husomwa na kujumlishwa na watu, bila mashine, kwa kawaida mbele ya mawakala wa wagombea na waangalizi. Utaratibu huu unatumika katika nchi nyingi duniani, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uingereza. Katika nchi nyingine, kama vile Marekani, India na Brazil, kazi ya kuhesabu imekabidhiwa mashine kwa sehemu kubwa.

Tangu mwanzo wa karne ya 21 kumekuwa na madai kwamba mpiga kura asiyeiamini mashine apewe haki ya kuchagua karatasi, na kwamba karatasi hizo zihesabiwe na watu. Kiini cha mjadala huu ni swali moja: raia wa kawaida anawezaje kujua kwamba kura yake imehesabiwa kama alivyoipiga?

Aina za kupiga na kuhesabu kura

Kuna mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: namna ya kupiga kura na namna ya kuihesabu. Kwa kuyatenganisha, hupatikana mifumo mitatu mikuu:

- Karatasi na mkono: mpiga kura huweka alama kwenye karatasi, huitumbukiza sandukuni, na watu huhesabu.
- Karatasi na mashine: mpiga kura huweka alama kwenye karatasi, kisha mashine huisoma na kujumlisha. Karatasi hubaki na inaweza kuhesabiwa upya na watu.
- Mashine peke yake: mpiga kura hubonyeza kitufe au hugusa skrini, na kura huhifadhiwa katika kumbukumbu ya mashine. Kama mashine haichapi karatasi yoyote, hakuna kitu cha kuhesabu upya isipokuwa namba zilezile zilizomo ndani yake.

Upo pia mfumo wa mchanganyiko, ambamo mashine huchapa chaguo la mpiga kura juu ya karatasi ili alikague kabla ya kuitumbukiza sandukuni.

Jinsi kura zinavyohesabiwa kwa mkono

Hatua hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, lakini msingi wake ni mmoja. Kituo kikishafungwa, sanduku hufunguliwa hadharani na idadi ya karatasi hulinganishwa na idadi ya watu waliopiga kura. Nchini Kenya, msimamizi wa kituo hukunjua kila karatasi, hutaja jina la mgombea aliyechaguliwa na huwaonyesha mawakala karatasi hiyo. Kura zilizoharibika na zenye ubishi hutengwa. Matokeo huandikwa kwenye fomu, mawakala hutia sahihi na kupewa nakala, na nakala nyingine hubandikwa kituoni.

Nguvu ya utaratibu huu iko katika hatua hiyo ya mwisho. Matokeo yakishabandikwa mlangoni, yeyote anaweza kuyanakili, kuyajumlisha na ya vituo vingine, na kuyalinganisha na yale yanayotangazwa na tume.

Historia

Karatasi ya kura iliyochapwa na serikali na kupigwa kwa siri ilianza kutumika mwaka 1856 katika makoloni ya Victoria na South Australia. Uingereza iliifuata mwaka 1872. Nchini Marekani utaratibu huo ulienea kuanzia mwaka 1888, lakini muda mfupi baadaye zilianza kutumika mashine: mwaka 1892 mashine ya vishikio ilitumika kwa mara ya kwanza katika mji wa Lockport, jimbo la New York. Waliozitetea walisema zingezuia wizi wa kura uliokuwa ukifanywa na wahesabuji wenyewe. Katika miaka ya 1960 zilifuata kadi za kutobolewa zilizosomwa na kompyuta.

Kadi hizo zilipata sifa mbaya katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2000. Katika jimbo la Florida, ambako watu karibu milioni 6 walipiga kura, tofauti rasmi kati ya George W. Bush na Al Gore ilikuwa kura 537. Wahesabuji walilazimika kuzikagua kadi moja moja ambazo matundu yake hayakutoboka sawasawa, wakibishana alichokusudia mpiga kura. Tarehe 12 Desemba 2000 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisimamisha kuhesabu upya.

Mwaka 2002 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyotoa fedha za kubadilisha vifaa vya zamani. Kaunti nyingi zilinunua mashine za skrini ya kugusa zisizochapa karatasi. Udhaifu wake ulionekana mwaka 2006 katika kaunti ya Sarasota, Florida: wapiga kura wapatao 18,000 walirekodiwa kuwa hawakumchagua mgombea yeyote wa ubunge, ilhali mshindi alitangazwa kwa tofauti ya kura 369. Kwa kuwa hakukuwa na karatasi, haikuwezekana kujua kama watu hao waliacha kwa hiari, walichanganywa na mpangilio wa skrini, au mashine zilikosea. Mwaka uliofuata Florida ilitunga sheria ya kurudi kwenye karatasi.

Haki ya kuchagua karatasi

Mfano unaojulikana wa kumwachia mpiga kura uamuzi ni wa California. Mwaka 2004 afisa mkuu wa uchaguzi wa jimbo hilo, Kevin Shelley, aliweka masharti ya usalama kwa kaunti zilizotumia skrini za kugusa. Mojawapo lilikuwa kwamba mpiga kura asiyetaka kutumia mashine apewe karatasi.

Mpango wa namna hiyo una faida ya wazi: hakuna anayelazimishwa kutumia chombo asichokiamini. Hata hivyo una matatizo matatu.

Kwanza ni usiri. Kama katika kituo chenye wapiga kura 500 ni watu wawili tu waliochagua karatasi, na karatasi hizo zikahesabiwa peke yake, ni rahisi kukisia nani alimchagua nani. Ndiyo maana karatasi hizo huhitaji kuchanganywa na za vituo vingine kabla ya kuhesabiwa.

Pili, anayechagua karatasi hulinda kura yake tu. Matokeo ni jumla ya kura zote, hivyo hitilafu katika mashine anayotumia jirani yake inaweza kubadilisha mshindi hata kama karatasi yake imehesabiwa sawasawa.

Tatu, kupewa karatasi si sawa na kuhesabiwa kwa mkono. Karatasi nyingi za Marekani huishia kusomwa na mashine.

Nchi zilizorudi kwenye karatasi

Uholanzi ilikuwa imetumia mashine kwa miaka mingi. Mwaka 2006 kikundi cha wananchi kilichoongozwa na Rop Gonggrijp kilionyesha kwenye televisheni jinsi programu ya mashine hizo inavyoweza kubadilishwa. Mwaka 2008 serikali iliamua kurudi kwenye karatasi na penseli nyekundu.

Ireland ilinunua mashine zipatazo 7,500 kwa zaidi ya euro milioni 50. Baada ya kujaribiwa mwaka 2002 katika maeneo machache, hazikutumika tena, na mwaka 2012 ziliuzwa kama vyuma chakavu.

Nchini Ujerumani, tarehe 3 Machi 2009 Mahakama ya Katiba ya Shirikisho iliamua kwamba mashine zilizotumika katika uchaguzi wa bunge wa mwaka 2005 zilikiuka katiba. Mahakama haikusema kuwa kura ziliibwa, wala haikufuta matokeo. Ilisema kwamba uchaguzi ni jambo la hadharani, na kwamba raia asiye na utaalamu wa pekee lazima aweze kukagua hatua zake kuu.

India imechukua njia tofauti. Mashine zake zilitumika nchi nzima mwaka 2004, na baadaye ziliongezewa kifaa kinachochapa karatasi ambayo mpiga kura huiona kupitia kioo. Mwezi Aprili 2024 Mahakama ya Juu ya India ilikataa maombi ya kurudisha karatasi au kuhesabu karatasi zote za vifaa hivyo.

Afrika

Namibia ilitumia mashine katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2014, ikiwa ya kwanza barani Afrika kufanya hivyo. Sheria yake ilitaka mashine ziwe na kumbukumbu ya karatasi, lakini waziri aliianzisha sheria hiyo bila kifungu hicho. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2019 mgombea binafsi Panduleni Itula alikwenda mahakamani. Mwezi Februari 2020 Mahakama ya Juu iliamua kuwa hatua ya waziri ilikiuka katiba, ingawa haikufuta matokeo. Uchaguzi wa serikali za mitaa na mikoa wa mwaka huohuo ulifanyika kwa karatasi.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mashine zilizotengenezwa Korea Kusini zilitumika tarehe 30 Desemba 2018. Mpiga kura aligusa picha ya mgombea, mashine ikachapa karatasi, naye akaitumbukiza sandukuni. Wapinzani walizipinga vikali kabla ya uchaguzi, na wiki chache kabla ya siku yenyewe maelfu ya mashine yaliungua katika moto wa ghala mjini Kinshasa. Katika miji ya Beni na Butembo upigaji kura uliahirishwa kwa sababu ya Ebola na usalama, na wakazi wa Beni waliandaa uchaguzi wao wa kuigiza ili kuonyesha kwamba wangeweza kupiga kura. Ushindi wa Félix Tshisekedi ulipingwa na Martin Fayulu, lakini Mahakama ya Katiba iliuthibitisha.

Nchini Kenya kura hupigwa na kuhesabiwa kwa karatasi, lakini matokeo hutumwa kwa vyombo vya kielektroniki. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, na kasoro katika utumaji wa matokeo zilikuwa miongoni mwa sababu kuu. Katika uchaguzi wa mwaka 2022 tume iliweka picha za fomu za vituo kwenye tovuti ya wazi, ili wananchi waweze kuzijumlisha wenyewe. Mfano huu unaonyesha kwamba karatasi peke yake haimalizi ubishi: safari ya namba kutoka kituoni hadi makao makuu nayo inahitaji kuonekana.

Hoja za pande mbili

Wanaotetea kuhesabu kwa mkono husema kila mtu anayejua kusoma na kuhesabu anaweza kuushuhudia na kuuelewa. Pia, kuchakachua matokeo ya nchi nzima kungehitaji watu wengi katika vituo vingi, ilhali programu moja yenye kasoro inaweza kuharibu mashine zote kwa pamoja.

Wanaopinga hutaja uchovu na makosa ya kibinadamu, gharama na ucheleweshaji. Wingi wa nafasi zinazogombewa una uzito mkubwa hapa. Nchini Uingereza karatasi ya kura ya ubunge ina swali moja tu. Nchini Marekani karatasi moja inaweza kuwa na maswali zaidi ya 30, kuanzia rais hadi majaji na kura za maoni. Karatasi 1,000 zenye maswali 30 zina alama 30,000 za kusomwa. Kwa sababu hiyo, huko Marekani kuhesabu kwa mkono kumebaki hasa katika miji midogo, kama ile ya New Hampshire. Mwaka 2023 California ilizuia utaratibu huo katika chaguzi nyingi zenye wapiga kura zaidi ya 1,000 walioandikishwa, baada ya kaunti ya Shasta kuachana na mashine zake.

Mashine pia humsaidia mlemavu, hasa asiyeona, kupiga kura bila kumwambia mtu mwingine chaguo lake.

Ukaguzi wa sampuli

Wataalamu wengi wa usalama wa kompyuta hupendekeza njia ya kati: kura zipigwe kwa karatasi, zihesabiwe na mashine, kisha watu wahesabu sampuli ya karatasi zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Tofauti kati ya wagombea ikiwa ndogo, sampuli huongezwa, hata kufikia karatasi zote. Mwaka 2017 Colorado ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kufanya ukaguzi huo jimbo zima.

Mwaka 2020 Georgia ilihesabu kwa mkono karatasi zote za uchaguzi wa rais, zipatazo milioni 5. Kazi hiyo ilifichua karatasi elfu kadhaa ambazo hazikuwa zimehesabiwa katika kaunti chache, lakini ushindi wa Joe Biden haukubadilika. Makosa hayo yalionekana na kurekebishwa kwa sababu karatasi zilikuwepo.