Wanasheria wa Mlimani na Mkulima wa Mpanda

Sheria haishuki kutoka mbinguni. Hutungwa na watu, husimamiwa na watu, na hulinda maslahi ya watu fulani. Kwa hiyo tunapochunguza historia ya wanasheria wetu, swali la msingi si nani alipanda cheo gani. Swali ni hili: elimu ile, iliyolipiwa kwa jasho la mkulima, ilimrudishia mkulima nini? Tutalijibu tukiwa tumesimama Mpanda, mbali na Dar es Salaam, mahali ambapo sheria ni jambo la ardhi, yaani jambo la maisha.

Sheria ya mkoloni

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana. Mkulima akawa mtumiaji wa ardhi ya babu zake, na mwenye kauli ya mwisho akawa mtawala. Watu wa Mpanda waliliona jambo hilo kwa macho. Reli ya kutoka Kaliua, iliyofika Mpanda mwaka 1950, haikufuata mahindi ya mkulima. Ilifuata madini ya risasi. Na wakati Uhuru unakaribia, wanasheria Waafrika wa Tanganyika walikuwa wakihesabika kwa vidole.

Ndiyo maana Chuo Kikuu kilipoanza Oktoba 1961, kitivo cha kwanza kilikuwa cha Sheria. Majengo hayakuwapo. Masomo yalianzia katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi wasiozidi 20. Mkuu wa kitivo, A.B. Weston, na walimu wenzake kama William Twining walikuwa wageni. Mwaka 1964 chuo kikahamia Mlimani.

Chuo kimoja, njia nyingi

Waliotoka hapo hawakufuata njia moja. Ndugu Joseph Warioba, aliyehitimu mwaka 1966, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990. Mwaka 1996 aliongoza Tume ya kuchunguza rushwa, na kuanzia 2012 Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Ndugu Julie Manning, miongoni mwa wanawake wa kwanza kusoma sheria hapo, alikuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975. Ndugu Augustino Ramadhani aliongoza mahakama za Zanzibar, kisha akawa Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010. Hata Kenya ilinufaika: Willy Mutunga, aliyesoma Mlimani, alikuwa Jaji Mkuu wa nchi hiyo kuanzia 2011 hadi 2016.

Wengine walibaki darasani. Profesa Issa Shivji alifundisha kuanzia 1970 hadi 2006. Mwaka 1991 alipewa kuongoza Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, iliyozunguka mikoani ikiwasikiliza wananchi. Tume ilipendekeza kwamba milki kuu ya ardhi iondolewe mikononi mwa dola, na ardhi ya kijiji iwe chini ya mkutano wa wanakijiji. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zilimwacha Rais kuwa mdhamini wa ardhi yote, ingawa zilikipa kijiji usimamizi wa ardhi yake.

Mtoto wa mkulima

Sasa turudi Mpanda. Ndugu Mizengo Pinda alizaliwa mwaka 1948 katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi, na mwenyewe alizoea kujiita mtoto wa mkulima. Alihitimu sheria Mlimani mwaka 1974, wakati wakulima wakihamishiwa vijijini na sheria ikifuata nyuma: Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ilitungwa mwaka 1975, watu wakiwa wamekwisha kuhama. Alikuwa wakili wa Serikali, akafanya kazi Ikulu, akawa Karani wa Baraza la Mawaziri, na mwaka 2000 akachaguliwa kuwa Mbunge wa Mpanda Mashariki.

Februari 2008 Kamati Teule ya Bunge, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, naye mwanasheria, ilitoa taarifa juu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Waziri Mkuu akajiuzulu, na Ndugu Pinda akashika nafasi hiyo hadi 2015. Katika kipindi hicho zaidi ya wakimbizi 160,000 wa mwaka 1972 kutoka Burundi, wengi wao wakiwa wakulima wa Katumba na Mishamo, walikubaliwa uraia. Mkoa wa Katavi nao ulianzishwa, mwaka 2012.

Lakini historia ya kusifu tu si historia. Mwaka 2013 kauli yake Bungeni, iliyoonekana kuruhusu polisi kuwapiga wasiotii amri, ilimfanya ashtakiwe na wanasheria wenzake. Mahakama Kuu iliitupa kesi mwaka 2014, lakini somo limebaki: asili ya mkulima na shahada ya sheria, hata zikikutana kwa mtu mmoja, hazitoshi kuwa kinga dhidi ya kishawishi cha madaraka.

Kazi iliyobaki

Tunajifunza nini? Kwanza, chuo kilitoa majaji, mawaziri na walimu, na hilo ni tunda la Uhuru. Pili, kuwa na mwanasheria Mwafrika kortini hakumaanishi kwamba mkulima amepata haki. Kwa miaka 60 sheria nyingi zilibaki katika Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu Kiswahili kilipofanywa lugha ya mahakama. Tatu, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, wale wanaoweza kumfikia mkulima asiye na nauli ya kumfuata wakili mjini.

Basi mwanafunzi wa sheria asijiulize tu atakuwa nani baada ya shahada. Ajiulize ikiwa mwanakijiji wa Mpanda, akisimama mbele ya baraza la ardhi bila wakili, ataelewa kinachosemwa juu ya shamba lake. Na kada aliye kijijini asingoje: aisome Sheria ya Ardhi ya Vijiji pamoja na wananchi, kifungu kwa kifungu. Haki usiyoijua ni rahisi kuporwa.