Pakiti Inayozunguka Bila Kufika

Mwaka 1871 mtemi Mirambo aliifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Biashara ya pembe za ndovu ikakwama, wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe wakaingia vitani naye. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyefika Tabora mwezi Juni akimtafuta mpelelezi David Livingstone, aliondoka Septemba kwa kuzunguka kusini-magharibi, akatokea Ujiji mwishoni mwa mwaka. Safari ilirefuka, lakini alifika, kwa sababu palikuwa na njia ya pili.

Waliojenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, kazi iliyoanza 2009, waliwaza vivyo hivyo. Mkongo unaopita Tabora umepangwa kwa pete: kebo ikikatwa upande mmoja, mawasiliano yapite upande wa pili. Mkazi wa Choma wilayani Igunga anapomtumia ndugu yake ujumbe, usalama wa ujumbe huo ni kuwepo kwa njia zaidi ya moja. Huko kwenye mkongo, mitambo ina kanuni zake za kuchagua upande. Balaa la pakiti, yaani vipande vya data, kuzunguka bila kufika huzaliwa chini zaidi, kwenye swichi za ofisini na ndani ya seva, pale njia ya pili inapofunguliwa bila mtu wa kuisimamia.

Chanzo chake ni cha zamani. Bob Metcalfe na David Boggs walipobuni Ethernet huko Xerox, Marekani, mwaka 1973, kompyuta zote ziliunganishwa kwenye kebo moja ndefu. Kwenye kebo moja hakuna pa kuzunguka, kwa hiyo hawakuona haja ya pakiti kubeba hesabu ya hatua zake. Itifaki ya intaneti, iliyochapishwa 1981, ilikuwa na tahadhari hiyo: kila ruta hupunguza moja kwenye namba iliyomo ndani ya pakiti, na ikifika sifuri pakiti hutupwa. Ethernet haina namba hiyo. Swichi mbili zikiunganishwa kwa nyaya mbili, tangazo la kwenda kwa wote hutoka kwa waya mmoja, hurudi kwa mwingine, hutolewa tena, na halichoki. Njia ya gigabiti moja hubeba pakiti ndogo karibu milioni 1.5 kwa sekunde. Kitanzi cha namna hii huijaza kufumba na kufumbua, na kati ya pakiti hizo zote hakuna hata moja yenye faida kwa mtu.

Hata mtandao usio wa Ethernet ulishawahi kuanguka kwa ugonjwa wa aina hii. Tarehe 27 Oktoba 1980, ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, ulilala kwa saa kadhaa. Kila kituo kilikuwa kikitangaza hali ya njia zake, na kila tangazo lilipewa namba ya zamu kati ya 0 na 63. Baada ya 63, hesabu huanza upya. Hitilafu ya kumbukumbu kwenye mtambo ikapoteza biti, na yakaibuka matangazo matatu ya kituo kimoja, yenye namba 8, 40 na 44. Kanuni ilikuwa kwamba tangazo jipya hufuta la zamani. Kwa kanuni hiyo, 40 ni jipya kuliko 8, 44 ni jipya kuliko 40, na kwa kuwa hesabu huzunguka, 8 likaonekana jipya kuliko 44. Kila kituo kikapokea, kikafuta la awali, kikasambaza, bila mwisho. Eric Rosen wa kampuni ya BBN aliandika uchunguzi wake mwaka uliofuata, na kila mwanafunzi wa mitandao nchini anastahili kuusoma. Ukiacha mtambo uliopoteza biti, hakuna kifaa kilichokaidi amri: vyote vilitii kanuni iliyokuwa na tundu.

Miaka michache baadaye, Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya DEC, alipewa kazi ya kuyatibu madaraja ya Ethernet, yaani vifaa vilivyofanya kazi ya swichi. Dawa aliyoichapisha 1985 inapendeza kwa udogo wake. Swichi hupeana salamu, kwa kawaida kila sekunde 2, zikachagua moja kuwa shina, kisha kila nyingine ikabaki na njia moja fupi ya kulifikia. Njia za ziada hufungwa, zikisubiri ile inayotumika ikatike. Mtandao wenye vitanzi ukageuka mti.

Hata mti una kimo chake. Novemba 2002, hospitali ya Beth Israel Deaconess jijini Boston ilirudi kwenye karatasi kwa siku kadhaa, baada ya mtandao wake kutanuka kupita uwezo wa mpango huo.

Kisha swichi yenyewe ikawa programu. Linux ilikuwa na daraja lake ndani ya kiini, na 2009 ikaja Open vSwitch, swichi inayounganisha kompyuta pepe ndani ya seva moja. Hapa kitanzi hakionekani kwa macho. Fundi anaingiza kadi mbili za mtandao kwenye daraja moja, akidhani anaongeza usalama, bila kuzifunga pamoja ziwe kama kadi moja. Zote mbili zinaishia kwenye swichi ileile ya ukutani, na ofisi nzima inazimika. Daraja la Linux na Open vSwitch huanza kazi itifaki ya Perlman ikiwa imezimwa. Kwa maoni yangu, hili ndilo la kwanza la kumfundisha anayeanza, kabla ya amri yoyote nyingine.

Kukisaka kitanzi kunahitaji utulivu. Dalili ya kwanza ni anwani ileile ya MAC, yaani utambulisho wa kadi ya mtandao, kuonekana mara poti hii, mara poti ile. Daraja la Linux nalo huandika kwenye kumbukumbu zake kwamba limepokea pakiti yenye anwani yake lenyewe. Baada ya hapo fundi hunasa pakiti kwa programu ya tcpdump na kutazama zinazofanana. Kama namba ya utambulisho ni ileile huku hesabu ya hatua ikishuka, kitanzi kiko kati ya ruta. Kama hesabu haishuki kabisa, kiko kwenye swichi. Kwenye Open vSwitch ipo pia amri ya kufuatilia pakiti ya kubuni: swichi hueleza ingepita kanuni ipi na kutokea poti gani, bila kutuma chochote kwenye waya. Fundi wa Tabora mwenye kompyuta moja ya mkononi anaweza kujenga swichi tatu za programu ndani yake, akazifunga pete kwa makusudi, akazitazama zikilemewa, kisha akawasha itifaki ya Perlman na kuona poti moja ikifungwa.