Viza ya mtandaoni: Ahadi mbili za marais na fomu iliyobaki

Desemba 12, 2023, Kenya ikisherehekea miaka 60 ya uhuru katika uwanja wa Uhuru Gardens jijini Nairobi, Rais William Ruto alitoa tangazo lililovuka mipaka upesi. Kuanzia Januari, alisema, mtu kutoka pembe yoyote ya dunia hatabeba tena mzigo wa kuomba viza ili aje Kenya. Vyombo vya habari vya nje vikaandika kwamba nchi imefungua milango. Wiki chache baadaye, aliyetaka kuja alikuta fomu mpya mtandaoni: apakie picha yake na ukurasa wa pasipoti, aeleze atafika kwa ndege gani na atalala wapi, kisha alipe dola 30. Viza ilikuwa imefutwa. Kuomba hakukufutwa.

Mzozo uliofuata haukuzuka hivi hivi. Mfumo wa Kenya wa kuomba viza kupitia mtandao ulizinduliwa Julai 2015, na katika miaka kumi ya kwanza umebadilishwa jina, umeangushwa na wadukuzi, umesimamishwa tena, na mara mbili umemeza ahadi ya rais. Historia hiyo inafaa kusimuliwa, kwa sababu inaonyesha pengo lililopo kati ya neno linalotamkwa jukwaani na fomu anayoikuta msafiri.

Mamlaka juu ya njia

Mwanasosholojia wa Marekani John Torpey, katika kitabu chake kuhusu chimbuko la pasipoti kilichotoka mwaka 2000, anasisitiza jambo moja ambalo makala haya yanaliegemea. Zamani, uwezo wa kumzuia mtu asitembee ulikuwa mikononi mwa watu binafsi pia, kama vile mabwana wa watumwa na wenye mashamba makubwa. Hatua kwa hatua serikali ziliutwaa uwezo huo na kuufanya kuwa mali yao peke yao. Vita Kuu ya Kwanza vilipozuka, mataifa ya Ulaya yaliyokuwa yamelegeza ukaguzi yaliurudisha kwa nguvu, na mwaka 1920 mkutano wa Shirikisho la Mataifa jijini Paris ukakubaliana juu ya umbo la pasipoti: kijitabu cha kurasa 32.

Wakenya hawahitaji kufundishwa na msomi wa mbali kuhusu jambo hili. Katika miaka hiyo hiyo wakoloni waliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole iliyotiwa ndani ya kijaluba cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya Harry Thuku na wenzake, na Machi 1922, Thuku alipokamatwa, polisi waliufyatulia risasi umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe. Swali la nani anahitaji ruhusa ya nani ili apite njiani lina damu katika historia yetu. Ndiyo maana halifai kuachiwa mafundi wa kompyuta peke yao.

Dirisha la dola hamsini

Baada ya uhuru, kwa miaka mingi viza ya Kenya kwa watalii wengi ilikuwa shughuli ya dirishani. Mgeni alishuka katika uwanja wa Jomo Kenyatta au wa Moi kule Mombasa, akajaza karatasi, akapanga foleni na kutoa noti zake. Noti kuukuu ilikataliwa na iliyokunjamana ilitazamwa mara mbili. Kisha pasipoti ilibandikwa stika na kugongwa muhuri. Bei ilipanda na kushuka kulingana na hali ya utalii. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 kuwafukuza wageni, serikali ilipunguza ada kutoka dola 50 hadi 25 mwaka 2009, kisha ikairudisha 50 mwaka 2011.

Alfajiri ya Agosti 7, 2013, moto uliteketeza ukumbi wa abiria wanaowasili kutoka nje katika uwanja wa Jomo Kenyatta. Siku hiyo ilikuwa pia kumbukumbu ya miaka 15 ya shambulio la bomu katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Ukumbi wa uhamiaji ukawa majivu, lakini nchi haikufungwa. Abiria walihudumiwa chini ya mahema, na baadaye jengo la kuegeshea magari likageuzwa kituo cha muda. Maafisa walio tayari kufanya kazi, meza na muhuri vilitosha kuipokea dunia.

Nchi nyingine zilikuwa zimeshahamia kwenye mitambo. Australia ilianza kutoa kibali cha usafiri cha kielektroniki mwaka 1996, miaka minne kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney. Marekani ililazimisha kibali chake, ESTA, Januari 2009. India ilifungua viza ya utalii ya mtandaoni Novemba 2014.

Kenya ilipoingia, Julai 2015, ilikuwa na majeraha mabichi. Shambulio la Westgate lilikuwa limeua watu 67 mwaka 2013, na lile la Chuo Kikuu cha Garissa watu 148 mwezi Aprili 2015. Pwani hoteli zilikuwa zimefunga na wafanyakazi wamerudishwa nyumbani. Kwa serikali, kumjua mgeni kabla hajapanda ndege lilikuwa jambo la usalama. Mpango ulikuwa kwamba kuanzia Septemba mwaka huo kila mgeni anayehitaji viza aombe mtandaoni kwanza. Wafanyabiashara wa utalii walilalamika kwamba muda ni mfupi mno, na dirisha la uwanjani likaachwa wazi. Njia mbili zikaenda sambamba kwa zaidi ya miaka mitano, na hakuna aliyeumia.

Majirani walifuata: Uganda mwaka 2016, Ethiopia na Tanzania mwaka 2018. Kenya ina haki ya kujivunia kwamba ilitangulia.

Ahadi ya kwanza

Novemba 28, 2017, katika uwanja wa Kasarani, Rais Uhuru Kenyatta aliapishwa kwa muhula wa pili. Katika hotuba yake alitangaza kwamba kila Mwafrika atakayekuja Kenya atapewa viza anapowasili, na kwamba Kenya haitasubiri nchi nyingine ilipe wema huo kwa wema. Lilikuwa tamko zuri.

Lilidumu miaka mitatu. Kuanzia Januari 1, 2021, Kenya iliacha kutoa viza uwanjani. Kila aliyehitaji viza, Mwafrika au la, alitakiwa kuiomba mtandaoni kabla ya safari. Dunia ilikuwa katikati ya janga la korona, viwanja vilikuwa vitupu, na mabadiliko hayo hayakuzua mjadala wa maana. Hivyo ndivyo ahadi ya kwanza ilivyozikwa: bila hotuba na bila maelezo kwa wale walioahidiwa.

Tangu hapo mlango wa Kenya haukuwa tena Embakasi, ulipo uwanja wa Jomo Kenyatta. Ulihamia kwenye kaunta za mashirika ya ndege huko Lagos, Frankfurt na Mumbai, ambako karani anayepima mizigo ndiye anayeuliza karatasi. Shirika linalomleta abiria asiye na ruhusa hubebeshwa wajibu wa kumrudisha, kwa hiyo karani hana sababu ya kumwonea mtu huruma. Mgeni aliyekosea herufi moja ya jina lake kwenye fomu hana afisa wa Kenya wa kumweleza shida yake. Anabaki na simu yake na saa inayokimbia.

Wiki ambayo mtambo ulilala

Udhaifu wa mpango huo ulidhihirika Julai 2023. Mwishoni mwa Juni, Rais Ruto alikuwa amezindua huduma zaidi ya 5,000 za serikali katika jukwaa la eCitizen, pamoja na utaratibu wa malipo yote kupita kwenye nambari moja, 222222. Pasipoti, leseni za udereva, vyeti na viza ya mtandaoni, vyote vilikuwa chini ya paa moja. Haikupita hata wiki nne.

Wiki ya mwisho ya Julai, jukwaa hilo lilianza kusuasua, kisha likashindwa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika, likisema linaiadhibu Kenya kwa kuingilia mambo ya Sudan. Mbinu yao haikuwa ya kuiba nyaraka. Ilikuwa kama umati uliotumwa kubisha hodi kwa pamoja kwenye mlango mmoja, mpaka mwenye haja ya kweli asipate pa kupenya. Wananchi waliokuwa wakinunua tokeni za stima walikwama, waliotaka tiketi za treni walikwama, na huduma za pesa kwa simu zikayumba. Waziri wa Mawasiliano wakati huo, Eliud Owalo, alikiri kwamba mfumo umeshambuliwa kwa maombi mengi kupita kiasi, akasisitiza kwamba hakuna data iliyopotea.

Kwa wasafiri tatizo lilikuwa la aina yake. Viza ilipatikana mtandaoni tu, na mtandao haukupatikana. Watu walikuwa wameshalipia tiketi na hoteli, tena Julai, msimu ambao nyumbu huvuka Mara na watalii ni wengi. Serikali ikalazimika kutangaza kwamba wageni wenye sifa za kupata viza ya mtandaoni watapewa viza watakapowasili.

Msomaji na atafakari tangazo hilo. Kwa miaka miwili na nusu mgeni alikuwa ameambiwa kwamba dirisha limefungwa, na sasa lilifunguliwa kwa siku chache tu baada ya kompyuta kugoma. Maafisa walikuwapo, mihuri ilikuwapo, na uwezo ulikuwapo. Kilichokuwa kimekosekana ni nia ya kuliacha wazi kwa ajili ya siku kama hiyo. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki ndugu wawili raia wa Sudan kwa kuendesha kundi hilo. Hapa Kenya somo lenyewe lilisahauliwa mapema zaidi: mfumo uliporejea, dirisha likafungwa tena.

Ahadi ya pili

Ni katika hali hiyo, miezi mitano baada ya shambulio hilo, Rais Ruto alitoa tangazo lake la Desemba 12, 2023. Kibali kipya cha usafiri cha kielektroniki, eTA, kilianza Januari 2024. Kwa aliyekuwa akilipa dola 50 palikuwa na nafuu, na hilo likubaliwe. Lakini raia wa nchi ambazo hazikuhitaji viza kabisa, zikiwamo kadhaa za Afrika, ghafla walitakiwa kujaza fomu, kulipa dola 30 na kusubiri hadi siku tatu. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliachwa nje ya sharti hilo. Wengine wote, hata mtoto mchanga, walihitaji kibali. Wakati huo ESTA ya Marekani iligharimu dola 21 na kutumika miaka miwili. Ya Kenya ililipiwa kwa safari moja.

Hukumu ilitoka kwa Waafrika wenyewe. Ripoti ya mwaka 2024 ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na Umoja wa Afrika, inayopima jinsi kila nchi inavyowapokea Waafrika wengine, iliiporomosha Kenya kutoka nafasi ya 29 hadi ya 46 kati ya nchi 54. Nchi iliyotangaza kwamba imefuta viza kwa dunia nzima ilihesabiwa miongoni mwa zilizobana zaidi barani. Wageni hawakupungua, na idadi yao ilifikia takriban milioni 2.4 mwaka huo, hoja ambayo watetezi wa mfumo wanayo haki ya kuitoa. Lakini mtalii wa Ulaya ana dola 30. Mfanyabiashara mdogo kutoka Lusaka au Lilongwe, anayekuja mara nne kwa mwaka, ndiye aliyeongezewa mzigo aliokuwa ameahidiwa kutuliwa.

Januari 2025 Baraza la Mawaziri lilirudi nyuma na kuidhinisha kwamba Waafrika karibu wote waondolewe sharti la eTA, na katikati ya mwaka huo hatua hiyo ikaanza kutekelezwa. Libya na Somalia ziliachwa nje kwa sababu za usalama. Somalia ilikuwa imekamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2024. Kwa hiyo katika jumuiya yetu yumo mwanachama ambaye raia wake bado anabisha hodi.

Viza ya mtandaoni yenyewe haina ubaya. Imepunguza foleni, imepunguza noti zinazopita mkono kwa mkono, na imempa mgeni uhakika kabla hajaondoka kwao. Kosa ni kuyaacha mambo haya yaamuliwe kwa tangazo na kutenguliwa kwa tangazo. Wabunge wana Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 mikononi mwao, na ndimo yanamopaswa kuandikwa mambo matatu: nani haombi ruhusa, anayeomba analipa kiasi gani na kujibiwa ndani ya muda gani, na kwamba katika kila kituo cha kuingilia pawe na dirisha lenye afisa siku ambayo mtambo umelala. Ahadi ni deni, na hili ni deni la marais wawili. Bunge lilipe.