Tundu Kwenye Kadi: Jinsi Mashine Zilivyojifunza Kuhesabu Watu

Leo tuongee juu ya namba. Kila mmoja wetu aliyevuka mpaka na kuandikishwa ana namba yake. Iko kwenye karatasi ya familia, iko kwenye kadi ya chakula, na wengi wetu tunaijua kwa kichwa. Namba hiyo inasomwa na kompyuta. Watu wengi wanafikiri kompyuta ilibuniwa kwa ajili ya hesabu ngumu za wanasayansi tu, na kwamba mambo ya watu wa kawaida iliingizwa baadaye sana. Historia inasema vingine. Mojawapo ya njia kuu zilizotufikisha kwenye kompyuta ni kazi ya kuhesabu watu, na safari ya njia hiyo ina jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja.

Tuanzie karibu na nyumbani. Mwaka 1950 mtafiti Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alifukua mfupa mdogo mahali panapoitwa Ishango, upande wa Kongo, pale mto Semliki unapotoka kwenye Ziwa Edward. Mfupa huo una umri wa miaka kama 20,000 na leo unatunzwa Brussels. Umechanjwa mistari midogo, imepangwa kwa mafungu katika safu tatu. Wataalamu bado wanabishana: wengine wanasema ni hesabu, wengine wanasema ni kalenda ya mwezi. Lakini namna yenyewe ya kuweka alama hatuishangai. Hata leo muuza mkaa anachora mistari ukutani ili asisahau ametoa magunia mangapi. Mstari wa aina hiyo unasema tu kwamba kitu kimoja kipo. Hausemi ni cha nani, wala mwenyewe ni wa dini gani au kabila gani.

Ili mashine iweze kusoma alama, ilibidi alama yenyewe ibadilike. Ikawa tundu. Hilo lilitokea Ufaransa, katika mji wa Lyon, kwa watu wa kufuma hariri. Karibu mwaka 1804 Joseph Marie Jacquard alikamilisha mtambo wa kufuma ulioongozwa na kadi ngumu zenye matundu. Penye tundu, sindano inapita na uzi unanyanyuliwa. Pasipo tundu, sindano inazuiliwa na uzi unabaki chini. Unashona kadi nyingi pamoja kama mnyororo, na mtambo unafuma ua au ndege bila fundi kukumbuka kila uzi. Ukitaka ua jingine, unabadilisha kadi, mtambo unabaki ule ule. Yaani tundu ni ndiyo, pasipo tundu ni hapana. Kompyuta mpaka leo zinafanya kazi kwa ndiyo na hapana.

Kule Uingereza, Charles Babbage alizipenda kadi hizo. Katika miaka ya 1830 alianza kuchora mashine kubwa ya magurudumu ya meno ambayo ingepokea amri kwa kadi zenye matundu na kufanya hesabu yoyote. Hakuimaliza mpaka anakufa mwaka 1871. Lakini mwaka 1843 rafiki yake Ada Lovelace alichapisha maelezo marefu juu ya mashine hiyo, na humo akatoa onyo: mashine haibuni jambo lolote yenyewe, inafanya kile tu ambacho sisi tunajua kuiamuru. Shikeni hilo onyo, tutalihitaji mbele.

Sasa twende Marekani. Katiba ya nchi ile inadai watu wahesabiwe kila baada ya miaka 10. Sensa ya mwaka 1880 ilihesabiwa kwa mikono, na kuchambua majibu yake kulichukua zaidi ya miaka saba. Wahamiaji walikuwa wanashuka melini kwa maelfu, nchi inaongezeka, na ikaonekana wazi kwamba siku moja sensa mpya itaanza kabla ya ile ya zamani kwisha.

Aliyetatua tatizo hilo ni Herman Hollerith, kijana mhandisi aliyezaliwa mwaka 1860, mtoto wa wahamiaji kutoka Ujerumani. Mwenyewe alieleza kwamba sehemu ya wazo aliipata kwenye treni. Zamani zile kondakta alikuwa anatoboa tiketi mahali maalumu kuonyesha sura ya abiria, nywele zake, macho yake, pua yake, ili tiketi isitumiwe na mtu mwingine. Hollerith akajiuliza: kwa nini tusimtobolee kila mtu wa nchi kadi yake?

Mashine yake ilifanya kazi hivi. Karani anachukua fomu ya mtu mmoja na kutoboa kadi: tundu hapa kama ni mwanamume, pale kama ni mwanamke, kwingine umri, kwingine nchi aliyozaliwa. Kisha kadi inawekwa kwenye mashine na karani anashusha mkono wenye sindano nyingi. Penye tundu, sindano inapita na kugusa kikombe kidogo cha zebaki chini yake. Umeme unapita, na mshale kwenye saa ya kuhesabia unasogea hatua moja. Papo hapo kifuniko cha sanduku kinafunguka ili kadi iwekwe kwenye fungu lake. Kwa mashine hizo, jumla ya kwanza ya sensa ya mwaka 1890, watu karibu milioni 63, ilipatikana kwa wiki chache tu.

Lakini ajabu kubwa ilikuwa kwenye kuchanganya majibu, kuliko hata kwenye haraka. Zamani, kujua wako wajane wangapi waliozaliwa Ireland na wanafanya kazi ya kufua nguo ilikuwa kazi ya kufa mtu. Sasa unaunganisha waya mbili tatu, mashine inakutafutia. Kwa mara ya kwanza serikali iliweza kuwachambua mamilioni ya watu kama mtu anavyochambua mchele.

Na hapa tuangalie vizuri. Sensa hiyo ya 1890 iliamriwa kuwagawa watu wenye damu ya Kiafrika kwa vipande: mweusi kamili, nusu, robo, hata moja ya nane. Mashine haikuuliza swali hilo. Bunge ndilo lililoweka sheria, makarani wakatoboa, mashine ikahesabu. Ndiyo maana ya onyo la Ada.

Mwaka 1896 Hollerith alianzisha kampuni. Mwaka 1911 iliunganishwa na nyingine, na mwaka 1924 ikapewa jina la IBM. Kampuni yake tanzu ya Ujerumani iliitwa Dehomag. Mwaka 1933, miezi michache baada ya Hitler kushika madaraka, Ujerumani ilifanya sensa, na Dehomag ikapata kazi ya kuchambua majibu ya Prussia, jimbo kubwa kuliko yote. Swali moja lilikuwa dini. Sensa ya mwaka 1939 ikaenda mbali zaidi: kila mtu alitakiwa kusema, kwenye karatasi ya pembeni iliyowekwa ndani ya bahasha, kama babu na bibi zake walikuwa Wayahudi. Swali halikuwa tena unaamini nini. Lilikuwa damu yako ni ya nani.

Tuseme kwa haki: mashine peke yake haikumuua mtu. Orodha nyingi za watu wa kukamatwa zilitoka kwenye madaftari ya polisi na ya manispaa. Lakini nchi iliyozoea kumweka kila mtu kwenye safu yake ilipata kazi rahisi siku ilipoamua safu moja ifutwe.

Na tusifikiri ni Ujerumani tu. Mwaka 1942 Marekani, ikiwa vitani na Japani, iliwaondoa majumbani mwao zaidi ya watu 110,000 wenye asili ya Japani na kuwafungia kambini. Wengi wao walikuwa raia wa Marekani kabisa. Ofisi ya sensa iliwapa wanajeshi takwimu, mtaa kwa mtaa, zilizoonyesha watu hao wanaishi wapi. Watu walikuwa wamejibu maswali ya sensa ya 1940 kwa nia njema. Serikali iliomba radhi rasmi kwa sheria ya mwaka 1988.

Uholanzi ilikuwa na daftari la wakazi lililopangwa vizuri sana, na wakati wa utawala wa Wanazi vitambulisho vyake vilikuwa vigumu kughushi. Wakati wa amani hiyo ilikuwa sifa njema. Karibu robo tatu ya Wayahudi wa nchi ile waliuawa. Tarehe 27 Machi 1943 kikundi cha wapinzani, mmoja wa viongozi wao akiwa msanii Willem Arondeus, kiliingia kwenye ofisi ya daftari ya Amsterdam kikiwa kimevaa sare za polisi, kikatia moto makabati. Wazima moto waliokuwa upande wao walimwaga maji mengi kupita kiasi ili karatasi nyingine ziharibike. Sehemu tu ya kadi ndiyo iliyoharibika. Arondeus na wenzake wakakamatwa, na Julai mwaka huo huo wakapigwa risasi. Walikufa kwa sababu ya kabati la kadi. Walijua kadi ile ilikuwa na uzito gani.

Watu wa Maziwa Makuu hatuhitaji kwenda Ulaya kuelewa hilo. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliwapa watu wa Rwanda vitambulisho vyenye neno moja la kabila: Muhutu, Mtutsi au Mtwa. Neno lile likabaki baada ya uhuru. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mtu alisimamishwa kizuizini, akaambiwa atoe kitambulisho, na neno moja likaamua. Pale hapakuwa na mashine yoyote, ilitosha safu moja kwenye karatasi. Baada ya mauaji hayo kabila liliondolewa kwenye vitambulisho vya Rwanda.

Turudi kwenye mashine. ENIAC, kompyuta kubwa ya umeme iliyotangazwa Marekani mwaka 1946, ilikuwa na valvu zaidi ya 17,000 na ilijaza ukumbi mzima. Lakini data zake ilizipokea na kuzitoa kwa kadi zilizotobolewa, wajukuu wa zile za Hollerith. Mwaka 1951 kompyuta ya kwanza ya UNIVAC, mojawapo ya kompyuta za mwanzo kabisa kuuzwa duniani, ilikabidhiwa kwa nani? Kwa ofisi ya sensa ya Marekani. Kumbe hata kompyuta iliyoingia sokoni ilianzia kazi ile ile ya kuhesabu watu.

Leo tundu limekuwa alama ya kidole na picha ya jicho. Mwaka 2018 wakimbizi wa Uganda walihakikiwa upya kwa njia hiyo. Sisemi kuhesabiwa ni kubaya. Asiyeandikwa hapati mgao, mtoto wake anasumbuka kupata shule, na akipotea hakuna wa kumtafuta. Kuhesabiwa ni haki yetu. Ila historia hii inatuonyesha pa kuangalia: tusibishane na mashine, tuangalie maswali. Nani ameamua swali hili liulizwe, na jibu langu litapelekwa kwa nani?

Tunaweza kuuliza hivyo bila woga. Tangu mwaka 2015 UNHCR ina sera ya kulinda taarifa za watu inaowahudumia. Inasema una haki ya kuelezwa kwa nini taarifa zako zinachukuliwa, haki ya kuziona, na haki ya kuomba zirekebishwe kama zina makosa. Ndugu zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, wengi wenu mnasoma hapa: mama anapouliza swali lake mbele ya meza yako, usimwone msumbufu. Mweleze kwa lugha anayoielewa. Na kama fomu ina safu ambayo wewe mwenyewe hujui ni ya kazi gani, uliza ofisini kwako kabla hujamuuliza yeye.