Zima Kwanza, Abti: Sheria ya Moshi Ilitoka Wapi?

Siku moja tulikuwa hoteli ya chai hapa Garissa, mimi, abti wangu na mdogo wangu ambaye ana pumu. Abti akawasha sigara. Nikamwambia kwa heshima azime. Kosa langu ni kuongeza, "Halafu ni sheria." Wueh! Abti alicheka mpaka akakohoa. "Sheria ya nani?"

Nilikasirika. Baadaye nikaenda kusoma, na saa hii namwelewa kidogo.

Zamani watu walidhani moshi ni shida ya anayevuta peke yake. Mwaka 1981 daktari Mjapani, Takeshi Hirayama, akaonyesha kwamba wanawake wasiovuta, lakini waume zao wanavuta, walikuwa wanakufa kwa saratani ya mapafu kuliko wale ambao waume zao hawavuti. Yaani unaweza kuumizwa na sigara ambayo hujawahi kuishika.

Kenya ikaridhia mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku Juni 2004. Mei 2006 Waziri wa Afya, Charity Ngilu, akatangaza marufuku ya kuvuta hadharani. Kampuni za sigara zikakimbia kortini, marufuku ikasimamishwa. Ikabidi Bunge lipitishe sheria kamili. Rais Kibaki akaisaini Septemba 2007, ikaanza kazi Julai 8, 2008. Inakataza kuvuta kwa hoteli, ofisi, hospitali, soko, magari ya abiria na nyumba za ibada. Ukishikwa, ni faini ya hadi shilingi 50,000 au jela miezi 6, au zote mbili. Vita havikuisha hapo: BAT ilipinga kanuni za 2014 mpaka Mahakama ya Juu, ikashindwa Novemba 2019.

Sasa rudi kwa swali la abti. Huku North Eastern, neno "sheria" lina historia yake. Sheria za hali ya hatari zilizoletwa wakati wa vita vya Shifta zilikaa mpaka 1991. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipigwa msasa na kupewa kadi maalum ya kuthibitisha kwamba wao ni Wakenya. Mzee aliyepitia hayo, ukimwambia "ni sheria," hafikirii mapafu. Anafikiria karao na kipande.

Ndiyo maana nasema sheria ya moshi huku haitasimama kwa kukamata watu pekee. Itasimama watu wakielewa inamlinda nani. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulipata asilimia 11.6 ya watu wazima Kenya wanatumia tumbaku. Kwa hivyo karibu watu 9 kati ya 10 hawatumii. Sisi ndio wengi, lakini ndio tunanyamaza, tunaziba pua na ncha ya shuka.

Na tusijidanganye eti haiwezekani. Nani amewahi kuona mtu akivuta ndani ya msikiti? Hakuna askari mlangoni. Kila mtu anajua tu hapo si mahali pake. Heshima hiyo tunayo tayari. Kazi ni kuipeleka mpaka kwa basi la Nairobi, mpaka kwa mafrish, ambapo yule kijana anayepitisha chai anameza moshi wa watu kumi kila usiku. Kwake hiyo ni kazi, na sehemu ya kazi pia imo kwenye sheria.

Kwa hivyo wasee, usianze na faini. Anza na mtu. Mwambie konda kuna mtoto nyuma. Mwambie mwenye hoteli mama mjamzito ameingia. Wakikataa, hapo sasa taja sheria, na umwite afisa wa afya wa kaunti. Haki yako iko.

Mimi nilirudi kwa abti bila hasira. Nikamwambia, "Abti, huyu usiku hapumui vizuri." Aliangalia mdogo wangu, hakucheka. Hajaacha sigara, sitawadanganya. Lakini siku hizi akitaka kuvuta anainuka, anaenda mbali, na chai yake inamngoja.